Betri ya Pili

Kibandani kwake sokoni, Hafidh alifungua kifuniko cha betri ya baiskeli ya umeme ya mteja. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, na plastiki yake imeanza kubabuka pembeni. Aliigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya moto.

"Inaisha upesi mno, fundi," alisema dada mwenye baiskeli. "Mlima wa kwenda kwangu hainipandishi tena."

Hafidh ndiye aliyemuuzia betri hizo, mbili za mtumba, zenye nguvu kuliko ile iliyokuja na baiskeli. Zote zilitoka kwenye boksi moja.

"Ya pili iko wapi, dada?"

"Nyumbani. Niliichomeka kwenye chaji, mara umeme ukakatika huku kote. Nimeiacha hivyo hivyo, ukirudi ijijaze."

"Umeiweka wapi?"

"Chumbani, chini ya kitanda. Mwanangu kalala, nimemfungia mlango asije akatoka."

Hafidh aliinuka haraka. Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wa pikipiki.

Juu ya vichwa vyao feni ikajitikisa, ikaanza kuzunguka taratibu. Nje, soko zima la Maramba likashangilia.