Siku Thelathini Bila Simu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi Juni, siku ambayo mtendaji wa kijiji alipanda mpaka kwa mzee Gervas na kuongea naye bila kuzima pikipiki.

Jumapili ya kabla yake Neema, binti pekee wa Gervas, alikuwa amempigia kutoka Morogoro mjini. Mzee alipokea akiwa juu kilimani, kwenye jiwe ambapo kitochi chake hushika mtandao.

"Shikamoo baba. Napumzika mitandao. Siku thelathini. Simu naizima kabisa."

"Marahaba. Sisi huku mtandao hutupumzisha wenyewe, wala hatuombi."

Neema alicheka kidogo, na Gervas akafurahi, maana alikuwa hajamsikia akicheka siku nyingi. Mwezi uliotangulia Neema alikuwa ameanguka sokoni na beseni lake la mchicha. Mguu ulikataa tu. Mtu akamrekodi badala ya kumwinua. Video ikazunguka mji mzima. Wakaandika mlevi huyo, wakaandika na mabaya zaidi, naye akawa anayasoma yote, hali wala halali. Kichwa kikaanza kumgonga, kikawa hakisikii dawa.

"Zahanati wamesemaje?"

"Yule bwana wa zamu ameniuliza kama nina simu kubwa. Nikasema ninayo. Akasema ugonjwa wetu vijana tunautembeza mkononi, niache mitandao mwezi mmoja nitamshukuru."

"Hakupima?"

"Amenipa panadoli."

"Na kule kuona vitu viwili viwili?"

"Ni mwanga wa simu, baba. Ndivyo alivyosema."

Gervas aliishia darasa la nne. Angembishia nini mtu aliyevaa koti jeupe na kulipwa na serikali? "Basi pumzika, mwanangu. Na mimi sikupigii, nisije nikakuharibia." Akakizima na kitochi chake, akakitia kwenye kopo la mbegu.

Jumanne ndiyo ikaja ile pikipiki.

Gervas alikuwa akipalilia njegere. Alishuka na jembe begani, roho juu, kwa sababu kule Mgeta mtendaji hapandi mpaka kwa mtu ila kwa mchango au kwa kura. Siku wanaume wanne walipombeba Agnes, mkewe, kwenye machela kwa sababu barabara haipitiki, hakupanda kiongozi hata mmoja. Walipofika chini Agnes alikuwa ameshapoa.

"Shikamoo mzee," Anselmi, yule mtendaji, alisema huku akitazama saa. Kulikuwa na mkubwa anakuja kuzindua bomba, bomba ambalo maji yake hayajafika mpaka leo. "Sitakaa. Nimepigiwa na mama mwenye nyumba wa Neema. Namba yangu ameiona kwenye barua ya utambulisho. Anasema wewe hupatikani, na kwamba Neema..."

"Amepumzika," Gervas alimkata. "Najua."

Anselmi alishusha pumzi. "Kumbe umeshaambiwa."

"Aliniaga mwenyewe Jumapili. Tumeongea vizuri kabisa."

"Una moyo, mzee."

"Moyo gani? Bora apumzike kuliko yale mateso. Watu wamemsema mpaka basi."

"Kweli. Sasa utashuka lini?"

"Nikafanye nini mimi huko? Nimemwahidi sitamsumbua. Nitashuka Julai."

Anselmi alimwangalia, akaangalia na saa tena. "Kwa hiyo niwaambie waendelee?"

"Waendelee na shughuli zao. Waambie baba yake hana kinyongo."

"Haya. Pole, mzee."

"Nimeshapoa."

Pikipiki ikateremka. Gervas alirudi kwenye njegere zake akitikisa kichwa. Mama aende na machela, mtoto azime simu serikali ipande mlima. Nchi ina mambo.

Lakini siku hazikwenda. Agnes hayupo, Neema hasikiki, na nyumba haikuwa na wa kumuuliza hata kama uji una sukari. Mara mbili Gervas alitoa kitochi kwenye kopo, akapanda mpaka kwenye jiwe, akakaa nacho mkononi kikiwa kimezimwa. Mara mbili akashuka hivyo hivyo. Waliosoma walishasema mwezi mmoja. Akivuruga yeye, kichwa cha mtoto kikirudi kugonga, atamlaumu nani? Njegere zilitoa maua, zikafunga, zikakomaa.

Tarehe nane Julai alipanda gari la mboga asubuhi na mapema. Alishuka Kihonda na gunia la njegere na viazi, kanzu yake ya Jumapili ikiwa imejaa vumbi, akatembea haraka kuliko magoti yake yalivyotaka. Njiani alikuwa amepanga maneno. Atamwambia arudi mlimani wiki mbili, ale vizuri, anenepe.

"Hodi humu."

Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba, alitokea na mwiko mkononi. Alipomwona alisimama mlangoni asisogee, wala salamu hakuitoa.

Gervas alitua gunia. Dirisha la chumba cha Neema lilikuwa na pazia jipya, la kijani. "Naona kabadilisha mpaka pazia," alisema, akicheka. "Bado kalala? Mwambie mapumziko yameisha, baba yake amekuja."

Bi Mwanahawa alikaa kizingitini.

"Mzee Gervas," alisema, "mochwari tulikungoja siku mbili. Mtendaji wenu akatuambia umesema tuendelee. Watu wa jumuiya yake wakachimba, mimi Mwislamu nikamvisha sanda mtoto wa kanisa. Kila aliyeshika koleo aliniuliza, na mimi nakuuliza wewe: mbona hukuja kumzika mwanao?"