Redio Isiyokula Betri

"Nyamazeni," alisema Chome, akikibana kisikilizio sikioni. "Mtangazaji anaanza."

Darasa halikunyamaza. Nani angemwamini Chome? Juma lililopita alikivaa kisikilizio hichohicho akatangaza kwamba hedimasta amehamishiwa Turkana. Watu wakashangilia mpaka usiku, na asubuhi yake hedimasta ndiye aliyewagawia zamu ya kufagia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dhiki ya kikundi chao. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru, na Mwalimu Karisa wa fizikia aliwataka vijana wa kidato cha tatu waunde, watatu watatu, kitu kinachofanya kazi. Wengine waliunda kapi za kuinulia mizigo. Mwau, Chome na Kombe waliunda redio isiyokula betri: waya wa shaba uliozungushwa kwenye chupa, kijiwe cheusi kinachong'aa, sindano ya kukigusia, na waya mrefu uliopandishwa mnazini ili kunasa matangazo ya Mombasa. Kisikilizio kilikuwa kimoja tu, cha simu ya zamani ya jeshi, na sauti yake ndogo mno. Masikio ya Chome pekee ndiyo yaliyoweza kuifuata. Wenzake walisikia mchakacho tu.

Basi Mwalimu akatoa mtihani wake. Wakati wa taarifa ya saa saba yeye angekaa ofisini na redio yake kubwa, iliyotiwa betri mpya. Chome angesema kwa sauti kila analolisikia. Kisha Mwalimu angekuja kueleza aliyoyasikia yeye, na darasa lenyewe lingeamua.

Munee, kiranja, aliteuliwa kuwa shahidi. Hakuwa mtu wa mzaha siku hizo. Majuzi walimu wawili walimwambia nyanya yake anaumwa kidogo, wakambebea sanduku lake na kumsindikiza hadi kwao. Alipofika aliwakuta watu wameketi mikekani uani, na mchanga wa kaburi bado mbichi. Hakuna aliyewalaumu walimu. Huku pwani msiba haumwagwi juu ya mtu akiwa mbali na kwao.

Mwau ndiye aliyeunda karibu yote, naye ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Baba yake, mkulima wa machungwa kule Shimba Hills, alikuwa amechoshwa na masomo yasiyo na mwisho. "Nitakuja kuisikia mwenyewe," alimwambia. "Ikisema, utabaki shule. Isiposema, tutarudi pamoja shambani." Juzi alishuka Mombasa kuuza machungwa, na leo angepitia shuleni akirudi. Mwau alimwekea kiti karibu na dirisha. Mpaka saa saba kilikuwa kitupu.

"Meli ya sukari imetia nanga Kilindini," alisema Chome. "Bei ya korosho imepanda. Kumefunguliwa zahanati Lunga Lunga. Sasa matangazo ya vifo. Bi Biasha wa Msambweni, mazishi leo baada ya alasiri. Mzee Mwinga wa Kinango, mazishi kesho."

Akanyamaza.

"Endelea," Mwau alimnong'oneza.

Chome alikuwa akiitazama sakafu, na uso wake haukuwa na kitu.

"Kimya," alisema hatimaye. "Nadhani Kombe ameuachia waya."

Kombe, aliyekuwa nje akiushikilia waya, alichungulia dirishani. "Mimi? Sijauachia hata kidogo. Mikono imekufa ganzi."

Darasa likaangua kicheko. Mwau alinyoosha mkono akitaka kisikilizio, lakini Chome akamshika kiganja na kukizuia hivyo.

"Niache, bwana. Amerudi. Ni wimbo, taarabu."

Mwau alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Usiku wote ule wa kuzungusha waya, na sasa pengo la kutosha kumrudisha shambani. Alikitazama kile kiti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi kwamba baba yake amechelewa.

Mwalimu Karisa naye alichelewa. Alipokuja, alisimama mlangoni kabla ya kuingia.

"Meli ya sukari," alisema. "Bei ya korosho. Zahanati ya Lunga Lunga."

"Sawa," darasa likajibu, safari hii bila kucheka.

"Na vifo, Mwalimu?" aliuliza Munee.

"Bi Biasha wa Msambweni. Mzee Mwinga wa Kinango."

"Halafu?"

Mwalimu alimtazama Chome. Chome alimtazama Mwalimu.

"Halafu hata yangu ilikatika kidogo," alisema Mwalimu. "Iliporudi, ilikuwa taarabu."

Darasa zima likapiga makofi, madawati yakapigwa ngumi. Kombe aliingia mbio kwa mlango wa nyuma akamkumbatia kila aliyemfikia. Mwau aliitafuta furaha ndani yake asiione.

"Imesema, Mwalimu?"

"Imesema, Mwau. Neno kwa neno."

"Basi naomba tusiiondoe bado. Baba yangu yuko njiani. Aliahidi kuja kuisikia."

Mwalimu alivuka darasa, akakichukua kile kiti cha dirishani, akakiweka nyuma ya Mwau na kumkalisha taratibu. Chome hakuwa tena mezani. Alikuwa amechomoka wakati wa makofi, na sasa amesimama mlangoni na sanduku la Mwau begani.

"Nitakusindikiza nyumbani, mwanangu," alisema Mwalimu. "Baba yako anaumwa kidogo."

Nyuma ya darasa Munee aliacha kupiga makofi, akasimama.