Sisimizi na Fito ya Juu

Katika ukumbi wa jimnastiki, Sisimizi aliiachia fito ya juu, ile ya chuma ya kuning'inia, akajipindua hewani, akainyakua tena. Mkono ukateleza. Alianguka kifudifudi kwenye godoro, akainuka, akajipaka chaki na kurudi fitoni bila kuambiwa.

"Basi," kocha alisema. "Huo mruko tunauacha."

Binti alikuwa na miaka kumi, mdogo wa umbo, mbishi wa kutosha watu wazima watatu, ndiyo maana wakampachika jina hilo. Kocha, mama wa makamo asiye na mtoto, alimpenda kuliko wote na wala hakuficha. Ila katika chumba cha kubadilia nguo, alikuwa ameziona nyonga za mtoto. Zilijaa madoa meusi, mengine yameanza kugeuka manjano. Fito hugonga hapohapo, na kila mtoto wa fitoni anayo. Ya huyu yalizidi.

Baba mtu naye alishalisemea jambo hilo. Alikuwa mcheshi, haji kumchukua binti bila kuwavunja mbavu wazazi wenzake. Jana yake alimvuta kocha pembeni.

"Mwalimu, mtoto ninaye huyu mmoja tu. Si umpe vile vyepesi?"

Kocha aliona haya. Akauondoa mruko, akaweka bembea, kuning'inia fitoni na kupepea tu, na kutua kwa miguu miwili. Bembea haiumizi mtu, na alama zake ni chache.

Sisimizi alipoambiwa alilia, yeye ambaye hata akianguka halii. Watatu wa kwanza kwenye mashindano wangechukuliwa na shule ya michezo, wakalale hukohuko bwenini mpaka wamalize masomo. Kwa bembea asingefika.

"Kocha, niache niruke. Hata nikivunjika."

"Ukivunjika, baba yako nitamwambia nini?"

Mtoto alijifuta chaki mikononi. Tangu hapo hakuomba tena.

Siku ya mashindano alibembea vizuri, akatua wima, hakuyumba hata kidogo. Akawa wa nne. Baba alimbeba begani akacheza naye ukumbi mzima, watu wakacheka mpaka machozi. Juu ya bega, Sisimizi alikuwa akiwatazama wale watatu wakipanda basi la ile shule. Kocha aliumia moyoni, lakini akajipoza: angalau mtoto ni mzima.

Wiki kadhaa baadaye alimkuta chumbani akivaa harakaharaka, mgongo kaugandamiza ukutani. Nyongani palikuwa na madoa mapya, meusi tii.

Kocha alifungua kinywa amkaripie kwa kuruka fitoni kwa kuiba. Kisha akakumbuka. Tangu mashindano yaishe fito zilikuwa kwa fundi wa kuchomelea, na ukumbini palibaki mashimo ya skrubu tu.

Nje, wazazi walianza kucheka. Baba alikuwa amefika.