Baiskeli Inayosikiliza Kifua

Siku hizi Makete baiskeli haiendi mpaka mwenyewe apulize kwenye usukani, nayo isikilize kama kifua chake kinaiweza baridi. Kifua cha Tweve kilikoroma kama paka tangu Juni, kwa hiyo kila asubuhi mkewe Sekela ndiye aliyempulizia, huku wakicheka kama wezi wa miwa.

"Puliza, mama, maziwa yataganda," alisema Tweve, akijifunga skafu puani kama daktari alivyomwagiza.

Sekela akapuliza. Baiskeli ikasema kwa adabu, "Pole. Kifua hiki kisitoke nje kwenye baridi. Kipelekwe zahanati."

"Imezeeka hiyo," Tweve alicheka. "Rudia."

Sekela akarudia. Jibu likawa lile lile. Kwa utani tu, Tweve akashusha skafu, akapuliza mwenyewe. Kufuli likafunguka.

"Umepona, baba. Haya, nenda," Sekela alisema, akitabasamu.

Tweve akashusha madumu ya maziwa kutoka kwenye baiskeli. Akaivua skafu, akamfunga mkewe puani, akampakia nyuma. Njia nzima alikanyaga pedali polepole, akisikiliza kifua kilichoegemea mgongo wake.