Kiangazi cha Nne

Börje Hallin hakuwa na goti la kulia la kuaminika, hakuwa na ramani mpya ya Finland, hakuwa na chupa ya kahawa isiyovuja, na hakuwa na subira. Kukosa hiyo subira ndiko kulikomponza. Viangazi vitatu mfululizo yeye na mkewe Gunnel walipanga kuzunguka Sweden, Finland na Norway kwa gari hadi Rasi ya Kaskazini, na viangazi vyote vitatu safari ilikufa kabla haijatoka mji wao wa Kramfors.

Mwaka wa kwanza ramani iliishia kwenye jiko la kuni. Wa pili walifika kituo cha mafuta nje ya mji. Gunnel akashuka na kapu lake la maandazi ya mdalasini, akarudi nyumbani kwa miguu. Wa tatu hawakufika hata kwenye gari. Ugomvi ulikuwa uleule. Börje alitaka waanzie Finland, kwenye barabara zilizonyooka. Gunnel alitaka waanzie Norway, kwenye milima na maji.

Sasa muda ulikuwa umewaishia. Oktoba goti lingepasuliwa, na daktari alikwisha kusema wazi kwamba baada ya hapo asahau kuendesha masafa marefu. Ama waende Julai hii, ama wasiende kabisa.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi jirani yao Rune alivua viatu mlangoni polepole, akachungulia jikoni kama mtu anayechungulia zizi la fahali.

“Mko hai?”

“Ingia, jirani, kahawa ipo,” akasema Gunnel. Alikuwa akiimba. Rune alizidi kuogopa.

Mezani palitandazwa ramani kubwa. Börje alikuwa ameiinamia kwa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

“Mwaka jana nilidhani mko Norway,” Rune alimchokoza. “Kumbe mlifika kwenye friji, mkarudi. Haya, mwaka huu nani kashinda?”

“Sote wawili,” akajibu Börje, kisha akamsogezea mkewe kalamu ya buluu. “Chora, mama.”

Mstari mwekundu ulikwisha chorwa: ulipanda na pwani hadi Haparanda mpakani, ukaikata Finland katikati. Gunnel akachora wa buluu, taratibu, magharibi kupitia Östersund hadi Trondheim, halafu ukakwea na bahari ya Norway, ukiingia na kutoka kila ghuba kama mtu mwenye nafasi. Mistari ikakutana juu kabisa, pale Rasi.

“Aa, mwekundu wa kwenda, buluu wa kurudi!” Rune akapiga goti lake. “Jambo dogo hivyo! Miaka mitatu mlikuwa mnashindwa nini?”

“Tulikuwa wajinga,” akasema Gunnel.

“Wajinga waliosoma,” akaongeza Börje, na wote wawili wakacheka.

Rune hakuwa amewasikia wakicheka pamoja tangu bomba lake la maji lilipopasuka na kumlowesha akiwa na suti ya harusi. Akaangalia sakafuni. Mizigo ilipangwa mafungu mawili kama dukani, na palikuwa na mahema mawili.

“Mawili ya nini?”

“Huyu anakoroma,” akasema Gunnel.

“Na huyu anaongea usingizini,” akasema Börje. “Saa tisa ya usiku ananiamuru nipunguze mwendo.”

Wakaendelea kupakia, kila mmoja akimhimiza mwenzake.

“Kisu cha samaki chukua wewe. Kukitumia hujui, lakini chukua.”

“Nawe chukua dawa ya mbu, mzee. Mbu wa Finland hawaheshimu mvi.”

“Jibini je?”

“Likate katikati. Hapana, kipande kikubwa chako. Wewe ndiye unayelipenda.”

Rune alikunywa kahawa yake akiwa ameduwaa. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amesikia nyumba hii kupitia ua wa miti, na hakuwahi kusikia mtu akipewa kipande kikubwa cha jibini.

“Nitamwambia mke wangu,” akasema. “Nitamwambia, mapenzi ya uzeeni yapo, nimeyaona kwa macho. Mtafika Rasi lini?”

“Tarehe kumi na sita, saa nane mchana, mkahawani,” wakajibu kwa pamoja kama wanakwaya.

Kisha Börje akavuta karatasi iliyokuwa chini ya ramani. Akaisoma kwa miwani ya kwanza, akaisoma kwa miwani ya pili, akatia sahihi. Gunnel naye akatia sahihi, akaupapasa mkono wa mumewe mara moja. Börje akailamba bahasha, akaifunga. Gunnel akabandika stempu na kuikandamiza kwa kidole gumba.

“Unakwenda mjini, jirani? Tutilie barua hii sandukuni. Iwahi kabla posta hawajachukua za leo.”

“Ni ya kuagiza nafasi kambini?”

“Bila hiyo hatuendi,” akasema Gunnel.

Rune aliendesha akipiga mluzi njia nzima. Alipofika kwenye sanduku la njano la posta, aliitumbukiza barua bila kutazama anwani. Ilikuwa inakwenda mahakama ya wilaya, na ndani yake, juu ya sahihi zile mbili, walikuwa wametia alama sehemu mbili: tunaomba talaka sote kwa pamoja, hatuhitaji muda wa kufikiri.