Goti la Ombeni

"Usiniletee habari za sheria, Baba Ombeni. Angalia goti la mwanao."

Nakijwa alifungua kitambaa. Ombeni, binti yao, alianguka kabla ya masika. Sasa watu walikuwa wanavuna mahindi, na mchubuko ulikuwa bado mbichi kama wa jana.

"Ndiyo kazi ya tone la dawa," alisema mumewe, Eliamani, kama anayemweleza mgeni. "Zile protini zinazoisukuma seli itembee zinafungiwa katikati ya seli. Hazifiki ukingoni, seli haitembei, saratani inabaki ilipo."

"Na ngozi nayo inabaki ilipo. Kidonda atakuja kukifunga fundi?"

"Mama yangu uvimbe ulimwanzia shingoni ukasambaa mwilini. Tone lingekuwepo, angekuwa hai."

"Najua. Niliyekuwa namwogesha ni mimi."

Siku hizi kila mtu alimeza tone lake asubuhi kwa amri, na hakuna aliyezikwa tena kwa uvimbe uliosambaa. Hilo Nakijwa hakulikataa. Alichokataa ni kuambiwa kliniki kwamba mtoto asiyepona mchubuko ni mtoto mwenye afya.

Ombeni alikuwa ameshaachama karibu na sinki, akisubiri tone lake kama alivyozoea. Nakijwa alilimimina kwenye sinki, akafungulia maji.

"Funga mdomo, mama. Kanywe chai."

Eliamani alimvuta binti yake karibu, akaanza kumpapasa shingo, taratibu, upande mmoja kisha wa pili.