Mwalimu wa Kwenye Simu

“Bado,” simu ikasema. “Rudia tena. Kikombe.”

Mzee akakaza shingo, akavuta pumzi, akalisukuma neno kwa nguvu zake zote. Kilichotoka ni “ko… ko… bobe.”

“Bado. Rudia tena. Kikombe.”

Kikombe chenyewe kilikuwa mbele yake mezani, chai imepoa mpaka imefanya utando. Alikijua vizuri. Alijua nani alikinunua na ule ufa karibu na kishikio chake uliingia lini. Jina lake tu ndilo lililogoma kupita mdomoni. Akaipiga simu kikumbo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umelala mapajani tangu siku ya kiharusi. Simu ikateleza hadi ukingoni mwa meza.

“Ukiivunja hatuna nyingine,” mkewe akasema, akaidaka.

Hawakuwa na nyingine, wala hawakuwa na njia nyingine. Hospitali ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa kurudisha usemi, na foleni yake ilikuwa ya miezi minane. Muuguzi hakuwaficha: maneno yakirudi, mengi hurudi ndani ya miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo ni kubahatisha. “Kwa sasa mfundisheni kwa simu,” alisema. “Si kuna yale masomo ya darasa la kwanza? Siku hizi kila mtoto anayo.” Sasa mzee alikuwa anamaliza mwezi wa tano tangu augue, na maneno aliyoyapata hayakujaza kiganja.

Kweli kila mtoto alikuwa nayo. Binti wa jirani alisoma masomo hayohayo, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba. Wiki mzee alipoanza “kikombe,” naye alikuwa kwenye “kikombe.” Sasa msichana alikuwa anasoma sentensi nzima, tena kwa mbwembwe, na mzee yuko palepale. Kuachwa nyuma na mtoto asiye na meno ya mbele kunauma, jamani.

Lakini aliyemuuma zaidi ni yule mwalimu wa kwenye simu. Sauti nzito, safi, isiyo na papara, ya mtu ambaye hajawahi kutafuta neno akalikosa. Mzee alimchukia waziwazi. Kila “bado” yake ilimwingia kama mwiba.

Binti yao mkubwa, aliyekuja kila Jumapili, aliliona hilo.

“Mama, si tumtafutie masomo mengine? Yako ya walimu wa kike, wana sauti za upole.”

“Huyuhuyu,” mama akajibu. “Huyu namwamini.”

“Lakini si unaona anavyomfanya Baba?”

“Nimesema huyuhuyu.”

Mzee akapiga meza. Mkewe akamgeukia, akajaribu utani wao wa zamani. “Nini tena, mzee wangu? Usiniambie unamwonea wivu.”

Alicheka peke yake. Binti aliinuka akaenda kuosha vyombo.

Na wivu alikuwa nao, tena wivu mtupu. Mkewe alidhani hajui, kumbe alijua. Alasiri, akishamlaza, mama huyo aliingia jikoni na simu, akarudisha mlango, akafungua masomo. La kumi, la ishirini, la thelathini. Mtu aliyesoma magazeti miaka arobaini, anajifunza nini kwenye “mama anapika”? Mzee alilala macho wazi akimsikiliza mwanamume yule akizungumza jikoni kwake, na mkewe akimwitikia kwa sauti ndogo, sentensi kwa sentensi. Siku moja alimsikia akicheka. Siku nyingine alimsikia akilia. Angeweza kujikokota hadi mlangoni, lakini angefika aseme nini?

Jumanne likatokea jambo.

“Maji,” simu ikasema.

Mzee akafumba macho. “Maji.”

Simu ikanyamaza. Haikusema “bado,” haikusema lolote. Ikapita tu kwenye neno lililofuata: “Rudia. Sahani.” Mzee akafumbua macho. Mkewe ndiye aliyetoka mbio jikoni, mikono ina povu.

“Umepata! Umesema maji! Sema tena, tafadhali, sema tena.”

Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Halikurudi. Alilia mbele ya mkewe bila kujificha, na mkewe akakaa sakafuni miguuni pake, hana la kumfanyia.

Alhamisi asubuhi hodi ikapigwa. Alikuwa dada mmoja mwenye begi begani na kitambulisho shingoni, cha kampuni ya yale masomo. Viatu vilijaa vumbi; alikuwa amezunguka mtaa mzima akiulizia nyumba.

“Shikamoo, mama. Samahani kuja bila taarifa, kila tukimpigia Mwalimu tunaambiwa amesafiri. Sitakaa sana. Tuna wanafunzi laki mbili sasa, na wazazi wote wana lalamiko moja. Mtoto akipatia, simu haimsifu. Mwalimu alitukatalia kabisa kurekodi sifa, alisema humlevya mtoto. Bosi kanituma nije nimbembeleze.”

Mama alikuwa amechoka kusema kwamba amesafiri. Akasogea pembeni ya mlango.

Dada akamwona mzee kitini, uso ukamchangamka. Akaenda akapiga magoti mbele yake, akatoa kinasa sauti, akakiwasha, akakisogeza karibu na midomo yake.

“Shikamoo, Mwalimu. Ni neno moja tu. Sema, ‘Vizuri.’”